Siku ya Kuita Mawe Rosrua

Mgeni njoo, mwenyeji anyamaze. Hivyo ndivyo ilivyopaswa kuandikwa juu ya mlango wa ukumbi wa kijiji cha Rosrua, maana waliosema mwenyeji hupona walikuwa na mgeni wa namna nyingine. Rosrua, mgeni mmoja alitosha kuzima ndimi arobaini. Angeingia dukani kuulizia stempu, na wanawake wanne waliokuwa wakisengenya kwa Kiayalandi tangu asubuhi wangegeuka wote kwa mpigo, kama kondoo waliosikia mbwa, wakaanza kusema Kiingereza. Na si kwa mgeni peke yake. Hata wao kwa wao, mpaka mgeni alipe, aage, afunge mlango. Jambo hilo waliliita adabu.

Neansaí binti Beairtle aliliita jina jingine, ila mama yake alimkataza kulitamka mezani.

Alikuwa na miaka ishirini na sita na stashahada ya tafsiri kutoka chuo kimoja cha Galway. Stashahada hiyo ilimpa kazi ya kutafsiri vipeperushi vya halmashauri kuhusu mapipa ya taka. Alijua hakuna anayevisoma, kwa kuwa baba yake mwenyewe aliviwashia moto. Hata hivyo aliviandika kwa Kiayalandi kilichonyooka na kupigwa pasi, kana kwamba pipa la taka nalo lina hadhi yake.

Kilichomkaa moyoni zaidi ya vyote kilikuwa msiba wa Learaí, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, miaka mitano iliyopita. Learaí alikuwa amelala kwenye jeneza sebuleni kwake, majirani wamepiga magoti wanasali rozari. Walikuwa katikati ya fungu la tatu mlango ulipofunguliwa, akaingia mke wa mpwa wake aliyetoka Boston, na koti lake jekundu. Salamu Maria iliyoanza kwa Kiayalandi ikamalizikia kwa Kiingereza, na mafungu yote yaliyobaki yakafuata mkumbo. Learaí, ambaye Kiingereza alikitumia tu kununulia dawa ya minyoo ya kondoo, akasindikizwa kwa Mungu kwa lugha ya dawa ya minyoo. Neansaí alikuwa pale, amepiga magoti pamoja nao. Naye aliitikia kwa Kiingereza. Hilo hakumwambia mtu.

Mpwa aliiuza nyumba kabla mwaka haujaisha. Aliyeinunua ni Desmond Hartnell, mhandisi mstaafu kutoka Dublin, mtu mrefu mwenye sauti ya upole. Ingekuwa rahisi kama angekuwa mtu mbaya. Lakini Hartnell alisalimia kila mtu, alipeleka keki nyumba kwa nyumba kila Krismasi, na kila mwezi alimpakia Bi Baibín, dada yake marehemu Learaí, kwenye gari lake na kumpeleka hospitali Galway kuangaliwa macho. Katika miaka minne hakumkwaza mtu hata mmoja.

Kisha akataka kujenga njia ya saruji kutoka bustanini kwake hadi majini, ili wageni watakaopanga nyumba yake kiangazi washushe vimashua vyao vya plastiki. Akatoa ramani. Ilichorwa Dublin zamani, na mstari wake ulishuka kutoka ukuta wa bustani moja kwa moja hadi baharini, ukameza theluthi mbili za ngwe ya Beairtle.

Ngwe ni kipande cha ufuko ambacho nyumba fulani, na hiyo peke yake, ndiyo yenye haki ya kukata mwani. Beairtle alikuwa amekata mwani kwenye ngwe ile miaka arobaini na minne, na kabla yake baba yake, Taimín. Maji yakipwa alishuka na mundu, akakata, akaufunga mwani kwa kamba kuwa tita la mviringo kubwa kama chumba, na maji yakijaa akapanda juu yake na kulisukuma kwa upondo mpaka nchi kavu, amesimama wima juu ya kitu ambacho mgeni angeapa kwamba lazima kizame. Mwani huo ndio uliomsomesha Neansaí. Kiwanda hakikununua kwa mtu asiye na ngwe iliyoandikwa katika kitabu cha Ushirika wa wakata mwani. Ikienda ile sehemu, Beairtle angebaki na ncha ya upande wa magharibi, mahali ambapo mtu hukata nusu siku na asijaze toroli. Alikuwa na miaka sitini na moja. Kazi nyingine hakuwa nayo, na magoti yake yalikuwa yamekwisha kuzoea hii.

Kwa ugomvi wa namna hiyo Rosrua ilikuwa na dawa iliyoutangulia Ushirika: kuita mawe. Siku ya bamvua, maji yakiwa yamekwenda mbali kabisa, mwenye ngwe huanzia majanini na kushuka akiliita kila jiwe jina lake, moja baada ya jingine, bila kuruka, mpaka jiwe la mpaka. Hapo hutamka jina la jiwe hilo kwa sauti, na jirani aliyesimama upande wa pili hulitamka vilevile, kisha huendelea na ya kwake. Jiwe likiitwa, jirani huitika. Halina hiari hilo, kama vile Amina haina hiari. Asiyejua majina hana ngwe, awe na karatasi gani. Feistí, mwenyekiti wa Ushirika, alimweleza Hartnell utaratibu huo, naye akakubali mara moja, akasema unapendeza. Kwa kuwa Learaí alikuwa amekufa na Hartnell hakujua mawe, Bi Baibín, aliyezaliwa katika nyumba ile, angesimama kwa niaba ya Hartnell.

Asubuhi ya siku yenyewe, mwezi wa Machi, Neansaí alimkuta baba yake mezani amevaa shati la misa, anapaka siagi kwenye mkate.

"Baba, mimi nitasimama karibu nawe. Wewe sema yako, mimi nitamweleza Hartnell."

"Kwani mimi sina ulimi?"

"Unao. Ndiyo maana nataka uutumie."

"Yule bwana asimame kwenye mawe saa nzima haelewi kitu, kama ng'ombe kanisani? Haipendezi. Kiingereza nakijua."

"Unakijua cha kondoo."

"Na hili ni la mawe," alisema Beairtle. "Kondoo na mawe wanakaa shamba moja."

Mama yake, Cáitín, alicheka mpaka akaweka buli chini. "Mwache baba yako," alisema. "Ameanza kukata mwani kabla hujaanza kukata meno."

"Mama, ile ni ngwe yetu."

"Na yule ni mgeni wetu."

Saa tano kasorobo watu kama ishirini walikuwa ufukoni, mikono mifukoni, upepo unawapiga mgongoni. Maji yalikuwa yamekwenda mpaka yakaacha wazi mawe ambayo mwaka mzima hayaoni jua. Hartnell alikuja na gambuti mpya na ramani yake ndani ya mfuko wa plastiki. Bi Baibín alikuwa amemshika mkono, kwa sababu mwani unateleza na macho yake hayakuwa na msaada tena. Feistí alifungua kitabu cha Ushirika juu ya mwamba, akakikandamiza kwa jiwe, akasema maneno ya kufungulia kwa Kiingereza. Basi ikawa Kiingereza.

Beairtle alivua kofia.

"Hapa," alisema kwa Kiingereza, "jiwe kubwa. Baba yangu, hapa. Halafu… jiwe dogo. Halafu jingine. Jeusi."

"Lipi, bwana?" Hartnell aliuliza kwa upole kabisa, akiinua ramani. "Naona yote ni meusi."

Baadhi ya watu walicheka kidogo. Hawakumcheka kwa ubaya. Beairtle naye alicheka pamoja nao, akajigonga paji la uso kwa kofia kama mtoto aliyekosea hesabu, akaendelea. "Jeusi zaidi. Halafu, mawe matatu, madogo. Manne. Halafu jiwe… refu, limelala."

Huyu ndiye mtu ambaye kilabuni akianza kisa cha ng'ombe wa Taimín aliyeogelea mpaka kisiwani, watu huacha bia ikaisha povu. Neansaí aliwahi kumsikia akilisifu wimbi moja tu kwa dakika kumi, na wavuvi wazima wakanyamaza kumsikiliza. Sasa alisimama kwenye ufuko wake mwenyewe na maneno thelathini ya kuazima, anayahesabu yasije yakaisha. Na alikuwa akicheka. Kile kicheko ndicho Neansaí hakuweza kukivumilia.

Feistí alikuwa amesimamisha kalamu hewani. "Beairtle," alisema kwa Kiingereza, "kwa haya sijui niandike nini. Majina hayapo."

"Yapo," Beairtle alisema. "Lakini kwa Kiingereza… hayaji."

"Basi tufuate ramani kwanza, halafu—"

"Funga mdomo, Feistí," alisema Neansaí kwa Kiayalandi.

Sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, na upepo ukaibeba hadi kwa wale waliosimama juu majanini. Watu walimtazama, kisha wakamtazama Hartnell haraka, wakiangalia kama ameudhika.

"Huku si kuita mawe," alisema. "Huku ni kuomba msamaha kwa kuwa nayo. Baba, rudi juu. Anza upya, kwa maneno yako."

"Neansaí," baba yake alisema kwa Kiingereza, macho chini, "kuna mgeni."

"Namwona. Mrefu hivyo nitakosaje kumwona?"

"Usinitie aibu mbele za watu."

"Aibu umekwisha kuivaa, Baba, na mimi ndiye nimekuja kukuvua."

Hartnell alitabasamu lile tabasamu la mtu asiyejua anasemwa au anasifiwa. "Samahani," alisema, "mnaweza kusema Kiingereza, tafadhali? Sitaki kukosa kitu."

Vinywa sita vilifunguka kumkubalia. Neansaí alivitangulia, na alimjibu kwa Kiingereza chake safi cha chuo. "Hapana, Bwana Hartnell. Sasa tunaita mawe. Tukimaliza nitakutafsiria neno kwa neno, hutakosa hata moja. Lakini utasubiri."

"Nimeishi hapa miaka minne."

"Basi saa moja haitakuua."

Kulikuwa na mtu aliyevuta pumzi kwa nguvu. Cáitín, kule juu, alijifunika mdomo kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. Beairtle alivaa kofia yake, akaivua tena, akabaki amesimama kama gogo.

Basi Neansaí akapanda hadi majanini na kuanza mwenyewe.

Alipokuwa mdogo alishuka na baba yake kila bamvua, na majina aliyapata kama anavyopata mtoto ndui, bila kuomba. "Kizingiti," aliita, akikanyaga la kwanza. "Kiti cha Padri. Mama na Wanawe." Akapaza sauti zaidi. "Jiwe la Chumvi. Mgongo wa Sili." Kila jina alilitamka akilikanyaga, gambuti juu ya jiwe, na watu wakaanza kusogea wakimfuata bila kuambizana. "Ndoo Iliyopotea." Alishuka hatua mbili, akatazama. Mbele yake kulikuwa na mawe mengi yenye mwani, na yote, kama alivyosema Hartnell, yalikuwa meusi. Miaka minne ya chuo, miaka minne ya mapipa ya taka. Alitafuta kichwani, akakuta mahali penye nafasi tupu, kama ufizi palipong'oka jino. Hakuwa anaigiza. Hakukumbuka.

"Meno ya Mbwa," alisema.

"Hapana," alisema mtu nyuma yake kwa Kiayalandi.

Alikuwa baba yake. Uso ulikuwa umemwiva.

"Kabla ya Meno ya Mbwa kuna nini?"

"Sikumbuki, Baba."

"Hukumbuki. Umemruka Úna." Beairtle alimpita akamsukuma kwa bega, akaenda kusimama juu ya jiwe pana lililobonyea katikati. "Hiki ni Kitanda cha Úna. Bibi yangu mzaa baba. Alishikwa na uchungu hapa, mundu mkononi, maji yanajaa, na huyo aliyemzaa ni babu yako. Taimín alizaliwa juu ya jiwe hili na kitovu chake kilikatwa kwa mundu wa mwani. Na wewe unamruka ukakimbilie mbwa."

"Basi endelea wewe."

"Naendelea. Nani alisema siendelei? Meno ya Mbwa, haya hapa, matano, la sita lilivunjwa na dhoruba mwaka nilipooa. Bakuli. Usikanyage, Feistí, lina kina, utalowa mpaka kwenye dhambi zako. Fundi Viatu Kiziwi. Mnaona alivyoinama? Huyu Fundi, ukimkuta amefunikwa maji mpaka mabegani, acha mundu, panda tita lako uende nyumbani, maana baba yangu alisema hapo bahari imekwisha kuuliza mara mbili, ya tatu haiulizi."

Alikuwa amerudi. Neansaí alijua kwa mgongo wake. Aliita Kengele, akaita Mabinti wa Mfalme, akaita Mkate Ulioungua. Kila jiwe alilipa kisa, na visa vingine vilikuwa vya uongo mtupu na kila mtu alijua, na wazee wakaanza kumbishia na kumtania, naye akawarudishia. Hartnell alikuwa amesimama palepale alipokuwa, na ramani yake, na Bi Baibín mkononi. Hakuna aliyemgeukia. Neansaí alimtazama mara moja tu. Hakufurahia alichokiona. Hakusimamisha chochote.

Jiwe la mwisho lilikuwa mbali, zaidi ya mstari wa ramani, hatua sitini au zaidi upande wa mashariki. Beairtle aliweka kiganja juu yake.

"Jiwe la Ugomvi," aliita.

Sasa ilikuwa zamu ya jirani. Bi Baibín alisimama, kichwa kimeinama upande wa sauti. Kila mtu aliyekuwa pale alijua nani anamlipia mafuta ya gari ya kwenda kwa daktari wa macho. Alijua naye. Vidole vyake vilikuwa vimekaza kwenye mkono wa koti la Hartnell. Kama ingekuwa ni kujibu swali kwa Kiingereza, labda angesema hakumbuki, na nani angemlaumu bibi wa miaka themanini na mitatu?

Lakini jiwe lilikuwa limeitwa.

"Jiwe la Ugomvi," Bi Baibín aliitika. "Nusu yenu, nusu yetu, na Shetani asiwe na la kwake." Akauachia mkono wa Hartnell. Akaenda peke yake, kwa kupapasa, watu wakimnyooshea mikono na yeye akiisukuma mbali, mpaka akaligusa jiwe lenyewe, na kutoka hapo akaanza kuita mawe ya nyumba ya baba yake, yote kuelekea mashariki. Hata moja halikurudi magharibi.

Feistí aliandika. Maji yalikuwa yameanza kurudi.

Neansaí alimwendea Hartnell na kumtafsiria kama alivyoahidi, jiwe kwa jiwe, hata na dhambi za Feistí. Mzee yule alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaikunja ramani, akasema tu, "Mlinisimamisha hapa kama mlingoti," akapanda kwenda nyumbani kwake.

Siku tatu Beairtle hakusema na binti yake. Alikata mwani kwenye ngwe yake, akarudi, akala, akalala. Siku ya nne, Jumapili baada ya misa, Feistí alibisha mlango wa jikoni, na Hartnell nyuma yake.

Cáitín alikuwa ameanza kumwambia Feistí apanguse viatu. Alipoiona sura ya pili, sentensi ileile aliikatiza katikati na kuimalizia kwa Kiingereza. Akaweka vikombe vizuri, vile vya harusi. Akakata mkate. Beairtle aliinuka, akampa mgeni kiti chake karibu na jiko. Neansaí alibaki amesimama kando ya sinki.

"Sikuja kwa shari," alisema Hartnell. Hakugusa chai. "Wakili wangu Galway anasema ramani ina nguvu. Anasema kuita mawe ni jambo zuri, lakini hakimu hajui mawe. Tunaweza kwenda huko, mwaka mmoja, miwili. Sitaki. Nimemwambia Feistí kwamba niko tayari kuirudisha ramani kabatini isitoke tena." Akamtazama Neansaí. "Nataka jambo moja. Nilidhalilishwa mbele ya majirani zangu. Uombe radhi. Hapa hapa, yatoshe."

"Neno moja tu, binti yangu," Feistí alisema kwa Kiayalandi, haraka, chini chini. "Litoe, lipite, tunywe chai."

"Sema Kiingereza, Feistí," Neansaí alimwambia. "Kuna mgeni."

Feistí aliinamia kikombe chake.

"Miaka minne," Hartnell aliendelea, na sasa sauti yake haikuwa na upole ule, ilikuwa na kitu cha kweli zaidi. "Miaka minne kila nilipoingia mahali mlikuwa mnasema Kiingereza. Dukani, kanisani, hapa jikoni. Nilidhani ndivyo mnavyozungumza. Nilidhani ile nyingine mnaiweka kwa ajili ya mabango ya barabarani. Hakuna aliyeniambia kwamba mnanifanyia hisani. Halafu siku moja, bila onyo, unanifungia mlango usoni."

Neansaí alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo. Aliwaona tena majirani wamepiga magoti sebuleni kwa Learaí, yeye akiwa miongoni mwao.

"Hapo una haki," alisema. "Tulikudanganya. Kila aliyemo humu amekudanganya miaka minne, na mimi nimo. Tulikuonyesha nyumba isiyo na watu ndani, tukashangaa ulipotaka kuweka vitu vyako."

Feistí alishusha pumzi. Mama yake aliisogeza sahani ya mkate upande wa mgeni, kama mtu anayesikia gari linawaka baada ya kusukumwa sana.

"Basi," alisema Hartnell, "ndiyo radhi hiyo?"

"Hapana. Hilo ni la miaka minne. Wewe umeulizia la saa moja."

"Neansaí," alisema Cáitín.

"Lile la saa moja, baba yangu alikuwa anapoteza kazi yake kwa sababu ya kukuheshimu. Alikuwa anakucheka? Hapana. Alikuwa anajicheka. Ukitaka kujifunza mawe, kesho maji yanapwa saa tisa. Nitakuja kukugongea mlango, nitakufundisha yote hadi Jiwe la Ugomvi, na ukikosea Úna baba yangu atakutukana kama alivyonitukana mimi, ujue umekuwa mtu wa hapa. Hilo nitalifanya bure."

"Sikuomba masomo," Hartnell alisema. Alikuwa amesimama. "Nimeomba jambo dogo kabisa. Nisipolipata, kesho naonana na wakili. Sipendi, lakini nitafanya hivyo." Alimgeukia Beairtle. "Bwana, ni ngwe yako. Mwambie."

Neansaí alimtazama baba yake. Ilikuwa kweli. Si yeye angeamka kesho bila mahali pa kukata. Kama baba angemwambia aombe, labda angeomba, na neno hilo lingemkwama kooni hadi uzee.

Beairtle alikuwa anatazama mikono yake, ile yenye makovu ya mundu na mawe. Aliposema, alisema kwa Kiayalandi, na hakukikimbiza wala kukipunguza sauti, ingawa mgeni alikuwa amesimama mbele ya jiko lake.

"Ngwe ni yangu. Mdomo ni wake."

Cáitín aliweka buli mezani taratibu sana.

"Amesemaje?" Hartnell aliuliza.

"Amesema ngwe ni yake na mdomo ni wangu," Neansaí alimtafsiria. Kisha akajibu kwa Kiingereza, polepole, kila neno na mahali pake, ili asije akasema hakuelewa na asihitaji mtu wa kumtafsiria. "Nenda kwa wakili, Bwana Hartnell. Tutakuja na mawe yetu na tutayaita mbele ya hakimu, na hakimu naye atasubiri. Nilikufanya usimame kwenye upepo, nilikusudia, na nitakufanya usimame tena ikibidi. Siombi radhi."